UZI: Jino likiacha kuuma lenyewe usishangilie. Gego langu lilivyookolewa bila kung'olewa

SeremalaTabata

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Huu uzi nimeuchelewesha sana ila leo imebidi. Asubuhi kijana mmoja pale karakana kaniaga anawahi kung'oa gego, nikamuuliza umepigwa picha? akasema picha ya nini fundi, dawa ya jino si kung'oa. Nikamwambia ahirisha kwanza, nikampa namba ya daktari wangu, alafu nikakaa nikawaza ni wangapi saa hii wako kwenye foleni ya kung'oa jino ambalo lingeweza kukaa mdomoni miaka mingi tu. Hayo maneno ya dawa ya jino ni kung'oa nimekua nayo na mimi, bibi yangu alikuwa anayasema, na yameshanigharimu gego moja la chini kushoto nikiwa na miaka 24. Saivi nina 41. Pale pana pengo, jino la juu yake limeshuka linatafuta mwenzake na lile la nyuma limelalia mbele, kutafuna upande ule nilishasahau. Kwa hiyo hili la kulia lilipoanza nilikuwa na kila sababu ya kuwahi na bado nikachelewa, na nadhani wengi tunachelewa kwa kosa lilelile ndo maana naandika.

Lilianza na maji ya baridi. Ukinywa linashtuka kidogo linaacha. Nikapuuza miezi. Baadae likahamia kwenye chai, na hapo halikuwa linashtuka tu, linashika kabisa, unameza chai imeshafika tumboni lakini jino linaendelea kupwita dakika kumi nzima. Kisha likaanza kuamka lenyewe usiku. Ukilala chali ndo linazidi, ukikaa linapoa kidogo, nikawa nalala nimeegemea mito kama mgonjwa wa pumu. Sikio linauma, kichwa upande mmoja kinauma, na ukiniambia nionyeshe jino lenyewe siwezi kukuonyesha kwa uhakika, naona kama ni la juu mara la chini. Nikaenda duka la dawa nikapewa amoksilini na Flagyl za kuua bakteria na diklofenaki ya maumivu, nikameza siku tatu nikaona nafuu nikaacha. Nikaweka karafuu. Nikasukutua maji ya chumvi. Kila mtu ana dawa yake mtaani na zote nilizijaribu.

Alafu siku moja nikaamka hamna maumivu. Kabisa. Nikanywa maji ya friji, kimya. Nikanywa chai ya moto, kimya. Nilimshukuru Mungu siku ile wala sitanii, nilikuwa sijalala vizuri wiki tatu. Nikaishi hivyo miezi miwili nikijua nimepona.

Wakuu hapa ndo pa kushika. Jino halikuwa limepona, lilikuwa limekufa.

Nitaeleza nilivyoelezwa. Jino siyo jiwe tupu, katikati yake kuna chumba kidogo chenye nyama laini, neva na mishipa ya damu, hicho ndo kiini cha jino, na kinashuka mpaka ncha za mizizi kupitia mifereji myembamba sana. Sisi maseremala tunajua dumuzi. Nje unaona katundu kadogo kama ncha ya sindano, ukipasua ubao ndani kote ni unga. Jino linaoza hivohivo, nje kadoa keusi, ndani pameliwa mpaka kwenye kiini. Bakteria wakifika pale kiini kinavimba, lakini kinavimba wapi wakati kimezungukwa na kuta ngumu pande zote? Mkono ukivimba ngozi inatanuka, kiini hakina pa kutanukia, ndo yale maumivu ya usiku. Mwisho damu inashindwa kupita, kiini kinakufa, na neva iliyokufa haiumi. Wewe unashangilia. Bakteria nao wanabaki kwenye chumba ambacho hakina ulinzi wowote wa mwili, wanakula nyama iliyooza, wanashuka taratibu mpaka ncha ya mzizi wanatokea kwenye mfupa wa taya.

Na hapo ndo nilipoelewa kwa nini zile dawa za duka hazikuniponesha. Dawa unayomeza inasafiri na damu. Kwenye kiini kilichokufa damu haifiki tena, kwa hiyo hata umeze boksi zima haifiki walipo wale wadudu, inatuliza tu kilichotoka nje kwenye mfupa na kwenye fizi. Ukiacha dawa wanatoka tena.

Baada ya ile miezi miwili nikaona kipele kwenye fizi, chini ya lile gego, ukikiminya kinatoa usaha wenye chumvichumvi mdomoni. Hakiumi. Nikakipuuza nacho wiki kadhaa. Ijumaa moja nimeamka shavu limejaa na jino limekuwa kama refu kuliko mengine, ukiuma meno unaligusa hilo kwanza na ukiligusa machozi yanatoka.

Kituo cha kwanza nilichoenda (sitakitaja) nilikaa kwenye kiti hata dakika tano hazijaisha naambiwa fungua mdomo tuchome ganzi, linang'olewa. Nikauliza hakuna njia nyingine? Nikaambiwa likishatoa usaha hilo ni la kutoa tu. Sijui nini kilinisimamisha, labda lile pengo la kushoto, nikaomba samahani nikatoka. Siwalaumu sana maana vituo vingi wanachofanya ni kung'oa na kuziba tobo dogo, vifaa vya kutibu mzizi hawana, lakini wangeniambia "sisi hapa hatufanyi, nenda sehemu fulani" ingetosha kabisa.

Kituo cha pili daktari alianza na maswali, akagonga meno moja moja na mpini wa kifaa, akaweka kitu cha baridi kwenye jino zima nikaruka, akaweka kwenye lile bovu sikusikia kitu. Kisha eksirei. Kwenye picha mzizi unaonekana mweupe na kwenye ncha yake pana kivuli cheusi cha mviringo kama punje ya dengu, akaniambia hapo ndo mfupa umeliwa. Nikamuuliza na hapo papona? Akasema tukisafisha ndani tukaziba vizuri mwili wenyewe utaujaza huo mfupa, mwili hauna shida na mzizi wako, una shida na uchafu ulioko ndani ya mzizi. Hiyo sentensi ndo ilinifanya nikubali.

Matibabu yenyewe wengi wanayaita ruti kanali, yaani kutibu mfereji wa mzizi. Mimi nilienda mara tatu.

Mara ya kwanza ganzi, akasubiri mpaka nusu ya mdomo wa chini imekufa ganzi ndo akaanza. Akaweka kipande cha mpira mwembamba chenye tundu, jino linachungulia pale peke yake, kazi yake ni kuzuia mate yasiingie ndani ya jino maana mate yana bakteria, na pia kifaa kikiponyoka usikimeze. Akatoboa kwa juu mpaka kwenye kile chumba, na harufu iliyotoka pale nisiielezee. Baada ya hapo akaanza kuingiza vitu kama sindano ila vina meno, kwa kweli ni tupa, tupa ndogondogo za saizi tofauti, anaanza na nyembamba anaongeza unene, anasugua kuta za mfereji. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, wakati mwingine minne, na yote lazima ipatikane, ukiacha mmoja umeacha wadudu ndani. Kuna kamashine kadogo kanamlilia akikaribia ncha ya mzizi ili asipitilize. Katikati anasuuza na dawa jamii ya klorini, zile za kung'arishia nguo nyeupe zina kitu hichohicho lakini naomba mtu asijaribu nyumbani, pale inatumika kwa kipimo na kwa sindano maalum, nje ya jino inaunguza. Mwisho akaweka dawa nyeupe ya kalsiamu akaziba kwa muda nikaondoka. Uvimbe ulishuka ndani ya siku tatu, kile kipele kikafunga chenyewe wiki iliyofuata bila kukigusa.

Mara ya pili akafungua, akasafisha tena, akakausha kwa vijiti vya karatasi, akajaza mifereji na vijiti laini vya rangi ya machungwa vinaitwa gutaperka pamoja na gundi yake, akaniziba juu. Siku mbili tatu baada ya hapo nilisikia kama limechoka nikitafuna, panadol zikatosha.

Mara ya tatu ni kofia, yaani kifuniko kigumu anachovalishwa jino lote kwa juu. Hapa naomba tusikilizane maana ndo watu wanapoachia. Nitaieleza mbele mtu akiuliza.

Gharama kwangu: ruti kanali laki mbili na nusu, kofia laki tatu na nusu, nikalipa kwa awamu tatu. Kung'oa ningelipa elfu thelathini. Ni hela nyingi najua, nilisimamisha vitu. Lakini lile pengo la kushoto niliuliza bei ya kupandikiza jino jipya nikaambiwa kwa mamilioni, kwa hiyo elfu thelathini ya kung'oa ni malipo ya mwanzo tu, deni linakuja baadae. Wenye bima ulizeni mapema vifurushi vyenu vinasemaje.

Ni miezi kumi na moja sasa. Juzi nimepiga picha ya kuangalia maendeleo, kile kivuli kimekuwa kidogo sana. Karibuni kwa maswali.

---

MamaWawili_Kimara

Kaka yangu umeandika kama unanisema mimi. Hapa nilipo ni saa nane usiku nimekaa sebuleni, la juu kulia, chai siwezi maji ya moto siwezi, cha ajabu maji ya baridi sana ndo yananituliza nimeweka chupa ya barafu pembeni. Tatizo nina mimba ya miezi mitano na kila mtu ananiambia mjamzito hatibiwi jino subiri ujifungue. Miezi minne nyingine nitaiweza kweli?

SeremalaTabata

Pole sana dada. Mimi siyo daktari sitaki kukudanganya, kuna daktari humu jukwaani namfahamu kwa michango yake ngoja nimuite. @TabibuKinywa tafadhali pita huku.

Mtu_wa_Bunda

Mkuu hongera ila nipinge kidogo. Kaka yangu alifanya hiyo ruti kanali mwaka juzi, kalipa hela nzuri tu, mwaka haujaisha anakula mahindi ya kuchoma jino likapasuka katikati mpaka chini, wakaling'oa. Kwa hiyo kalipa mara mbili na jino hana. Afadhali angeng'oa mwanzo hela akanunua mbuzi. Nasema kwa uchungu maana nilichangia.

SeremalaTabata

Pole mkuu, na uchungu wako una haki. Naomba niulize kitu kimoja, aliwekewa kofia?

Mtu_wa_Bunda

Hapana. Nakumbuka aliambiwa arudi akasema halimuumi tena kwa nini aongeze hela.

SeremalaTabata

Basi ndo penyewe mkuu. Jino mpaka kufikia ruti kanali limeshaliwa na kuoza, alafu daktari naye kalitoboa kwa juu ili apite, zinabaki kuta nyembamba kama kopo. Gego ndo linabeba mzigo wote wa kutafuna. Mimi ukiniletea mguu wa meza uliotobolewa katikati siwezi kuuweka chini ya meza ya watu kumi bila kuufunga pete, utapasuka tu siku moja. Kofia ndo hiyo pete, inafunika na kushika kuta zote zisitanuke. Meno ya mbele mara nyingi yanaweza kwenda bila kofia kama kuta zake bado ni nene za kutosha maana kazi yake ni kukata tu, lakini gego usipoliwekea kofia unacheza bahati nasibu. Na pia ile ziba ya muda siyo ya kukaa nayo, ikivuja mate yanaingia na kazi yote inaharibika. Kaka yako hakukosea kuokoa jino, aliishia njiani. Na nailaumu pia ile hali ya mtu kuambiwa "rudi" bila kuelezwa kwa nini arudi.

Mtu_wa_Bunda

Hilo la kwa nini hakuna aliyetueleza. Asante.

TabibuKinywa

Nimeitwa nimeitika, samahani nilikuwa zamu. Mimi ni daktari wa meno, nitajibu kwa ujumla, mtu humu asichukue kama vipimo vyake.

Dada MamaWawili pole sana. Kwanza, siyo kweli kwamba mjamzito hatibiwi jino. Miezi minne mpaka sita ndo kipindi kizuri zaidi cha kukaa kwenye kiti, kichefuchefu kimepungua na tumbo bado halijakuwa zito. Ganzi ya kawaida inatumika kwa wajawazito. Picha ya jino moja mionzi yake ni kidogo sana na inaelekezwa mdomoni. Cha hatari ni kukaa na maambukizi miezi minne na kujinunulia dawa: diklofenaki na ibuprofeni usiguse kwa sasa, doksisaiklini (antibiotiki) pia inaharibu rangi ya meno ya mtoto, panadol ndo salama ila kwa kipimo. Mwambie daktari mapema una mimba ya muda gani na nenda na kadi yako ya kliniki.

Kuhusu barafu kukutuliza: hiyo ni dalili tunayoifahamu vizuri, kiini kimeugua vibaya na hakiwezi kupona tena ila bado hakijafa chote. Uko kwenye hatua ambayo fundi alikuwa nayo kabla ya zile siku zake za furaha. Kwa hiyo hata kama kesho kutwa likinyamaza lenyewe, usighairi kwenda.

Niongeze la kutofautisha kwa wengine. Jino likishtuka kwa baridi na kuacha palepale, mara nyingi kiini bado kinaokoleka, kuziba tobo tu kunatosha, hela kidogo na siku moja. Likianza kubaki linauma baada ya kitu cha moto, au linakuamsha usiku, hapo ndo mlango wa kuziba tu umefungwa.

BodaMbezi

Dokta mimi la kwangu ni la mbele, nilianguka na pikipiki miaka minne iliyopita halikung'oka wala halikukatika, liliuma wiki likaacha, ila saivi limekuwa la kijivu kabisa na nikicheka naficha mdomo. Halijaoza. Nalo ni hivyohivyo?

TabibuKinywa

Inawezekana sana. Pigo linaweza kukata mishipa ya damu pale inapoingilia kwenye ncha ya mzizi, kiini kinakufa bila kuoza popote, na rangi ya kijivu ni mabaki ya damu yaliyopenya kwenye kuta za jino. Linaweza kukaa kimya miaka alafu likatoa jipu. Pima, piga picha. Kama limekufa linatibiwa mzizi, la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja kwa hiyo kazi yake ni nyepesi, na rangi tunaweza kuing'arisha kwa dawa kutokea ndani ya jino. Usikubali kung'olewa jino la mbele zima kwa sababu ya rangi.

Asha_Mkoani

Assalaam alaykum. Mie kwetu Pemba, nataka kusema kuhusu karafuu maana naona mnaipita. Bibi zetu hawakukosea, mafuta ya karafuu yanatia ganzi kidogo na mpaka madaktari wanayatumia, ile dawa ya kuzibia kwa muda yenye harufu kali, harufu yake ni ya karafuu. Ila inatuliza tu, haiingii kwenye mfereji. Mamangu akiweka karafuu mwaka mzima kwenye jino moja mpaka akaunguza fizi, na jino likaenda. Iweni nayo usiku mmoja mkisubiri asubuhi mwende, isiwe ndio matibabu.

Na hiyo gutaperka naijua kwa njia nyengine, ni utomvu wa miti ya kule Malaysia na Indonesia. Zama za telegrafu ndio waliokuwa wakivishia nyaya za chini ya bahari, hata ule waya ulioletwa Unguja kutoka Aden mwaka 1879 ulivishwa huo, kwa sababu hauozi majini. Baba alikuwa mtu wa simu ndiye aliyenihadithia. Sikujua kuwa watu wanatembea nao ndani ya meno.

SeremalaTabata

Wa alaykum salaam dada Asha, hii ya waya imenifurahisha sana. Kumbe kimechaguliwa kitu kisichooza kwenye maji maji, na mdomo ni maji maji muda wote.

KilosaOriginal

Wakuu msiniuzie mbuzi kwenye gunia. Kuna video inazunguka kwenye magrupu inasema jino lililofanyiwa hii kitu ni maiti mdomoni, linatoa sumu na linaleta kansa na magonjwa ya moyo, na kwamba wagonjwa wengi wa kansa ukiwapima wana meno hayo. Mke wangu kaiona amekataa kabisa kwenda. Nisaidieni kwa hoja siyo kwa kejeli.

TabibuKinywa

Umeuliza vizuri ndugu yangu. Hiyo hoja ni ya zamani kuliko sisi wote humu. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na daktari wa meno Mmarekani, Weston Price, alichukua meno yaliyotibiwa mizizi akayapandikiza chini ya ngozi ya sungura, sungura wakaugua, akahitimisha kwamba meno hayo yanaleta magonjwa mwili mzima. Miaka ya 1920 watu wengi wakang'olewa meno mazima kwa ajili ya hofu hiyo. Waliokuja kurudia majaribio kwa usafi na vipimo vinavyofaa hawakupata alichopata yeye, na fani ikaachana na nadharia hiyo. Video unayoiona ni nadharia ileile imevalishwa nguo mpya.

Kuhusu wagonjwa wa kansa kuwa na meno yaliyotibiwa: watu wazima wengi katika nchi zenye huduma hii wana angalau jino moja la hivyo, wawe wagonjwa au wazima. Ungeweza kusema pia wagonjwa wengi wa kansa wanavaa saa.

Na kwenye neno maiti: kiini kimeondolewa kweli, lakini mzizi kwa nje umeshikwa na nyuzi hai zinazolishwa na damu ya taya, ndo maana ukiuma jiwe kwenye wali kwa jino hilo bado unasikia. Kinachotoa sumu ni kile kilichooza kikaachwa ndani. Mwambie mama hilo, kwamba kukaa nalo bila kutibu ndo kubeba anachokiogopa.

Mombasa_Majengo

Naongeza la hatari manake naona watu wanaongea pesa tu. Ami yangu alikuwa na gego la chini limeoza, likanyamaza hivo hivo mnavyosema, akakaa nalo. Siku ya siku shingo ikafura chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi ukainuka juu, kumeza hawezi, mate yamtoka, anaongea kama ana ndizi moto mdomoni. Tulidhani ni matubwitubwi. Tulipomfikisha hospitali wakamkimbiza kupasuliwa shingo usaha utolewe, akawekewa mpira wa kupumulia, siku tisa ICU. Daktari akatwambia tungelala naye nyumbani usiku ule pumzi ingekatika. Yote hayo jino moja. Ikiwa uvimbe umeshuka shingoni, ama jicho linafura, ama unashindwa kumeza ama kufungua mdomo, usingoje kliniki ya asubuhi, nenda emajensi usiku huo huo.

TabibuKinywa

Sahihi kabisa na nashukuru kwa kuliandika. Kwa wenye kisukari muwe waangalifu maradufu, maambukizi yanapandisha sukari na sukari inalisha maambukizi.

Neema_Sinza

Mimi ninachoogopa ni ganzi. Nilishawahi kung'oa jino lenye usaha, walinichoma sindano nne na bado nilisikia kila kitu, nililia kama mtoto. Ndo maana sirudi.

TabibuKinywa

Pole, na hukuwa unajidekeza. Penye usaha nyama inakuwa na tindikali na ganzi inashindwa kufanya kazi vizuri, ni kemia siyo uoga. Mara nyingi tunatangulia kupunguza maambukizi, tunafungua jipu litoke, alafu kazi yenyewe inafanyika wiki inayofuata kwenye eneo lililotulia. Pia kuna namna za kuchoma karibu zaidi na jino au ndani ya kiini chenyewe. Mwambie daktari historia hiyo kabla hajashika sindano, na kubaliana naye kwamba ukiinua mkono anasimama. Daktari anayekuambia vumilia huku unasikia, mwambie asimame.

---

SeremalaTabata (siku sita baadae)

Wakuu narudi na taarifa za yule kijana wangu. Alienda, akapigwa picha, na bahati mbaya mzizi ulikuwa na ufa wa kwenda chini mpaka kwenye mfupa, daktari akamwambia hilo haliokoki, hata akilijaza bakteria watapita kwenye ufa. Limeng'olewa. Naliandika hapa makusudi ili mtu asiseme fundi kasema kila jino linaokoka. Ufa wa mzizi, kuoza mpaka chini ya fizi pasibaki pa kushikia kofia, au fizi zilizoachia jino linacheza, hayo kung'oa ndo dawa. Lakini kwenye picha hiyohiyo wameona gego la pembeni yake lina tobo limebakiza kidogo kufika kwenye kiini na halikuwa linauma kabisa. Wameliziba siku ileile.

MamaWawili_Kimara

Kaka, dokta, nimerudi na mimi. Nilienda Jumatatu. Niliogopa kufa lakini ganzi ilishika, nililazwa upande kidogo na mto mgongoni kwa sababu ya tumbo, la juu langu wamekuta mifereji minne, dokta alisema wa nne ulijificha akautafuta karibu nusu saa. Wameweka dawa, narudi Jumatano ijayo. Jana nimelala masaa saba mfululizo wala sikuamka. Nimekunywa chai. Sasa dokta nauliza, nikipika makande leo naweza kutafunia upande huo?

TabibuKinywa

Hongera mama. Bado, hiyo ziba ni laini na kuta hazijafunikwa. Makande tafunia kushoto mpaka kofia iingie, na ikidondoka ile ziba kabla ya Jumatano usisubiri, nenda siku hiyohiyo.